LSAT kwa anayesoma polepole: vifungu vinne, vitatu, muda wa ziada au GRE?

Anayesoma Kiingereza polepole na anataka kuingia shule ya sheria Marekani ana njia nne. Anaweza kukimbizana na vifungu vyote vinne vya ufahamu kwenye LSAT (mtihani wa kuingilia shule hizo), kuacha kimoja na kufanya vitatu kwa utulivu, kuomba muda wa ziada, au kuachana na LSAT na kufanya GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya uzamili. Wengi huangukia njia ya kwanza bila kuichagua, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba zipo nyingine.

Kabla ya yote, hakikisha unauhitaji mtihani wenyewe. Mwenye LLB ya Dar es Salaam, Nairobi au Makerere anayekwenda kusoma LLM (shahada ya uzamili ya sheria) ya mwaka mmoja kwa kawaida haombwi LSAT. Huombwa TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza. LSAT ni kwa ajili ya JD, shahada ya miaka mitatu ambayo Wamarekani huisoma baada ya shahada ya kwanza ya fani yoyote. Kuna watu wamejitesa kwa miezi na mtihani ambao chuo chao hakikuutaka.

Mtihani ulivyo sasa

Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya michezo ya mantiki, ya kupanga watu kwenye viti na ratiba, imeondolewa. Zimebaki sehemu nne za dakika 35 kila moja, na mapumziko ya dakika 10 baada ya sehemu ya pili. Sehemu mbili za hoja zinahesabiwa, kila moja ikiwa na maswali 24 hadi 26. Sehemu moja ya ufahamu inahesabiwa, nayo ina vifungu vinne na maswali kama 27. Sehemu iliyobaki ni ya majaribio ya watunzi, haina alama, inaweza kuwa ya hoja au ya ufahamu, na hakuna namna ya kuitambua ukiwa ndani ya mtihani. Insha hufanywa kando, na haiingii kwenye alama ya 120 hadi 180.

Kwa msomaji wa taratibu mabadiliko haya yamekuja na mazuri na mabaya. Michezo ilikuwa mahali ambapo mtu mwenye kichwa cha hesabu angeweza kufidia usomaji wake, na sasa kila swali ni la kusoma. Lakini theluthi mbili za alama zimehamia kwenye hoja fupi za aya moja, ambako umakini hulipa kuliko kasi. Kwa hiyo anayetumia miezi yote akipambana na ufahamu peke yake anapigania theluthi moja tu ya alama.

Pima kwanza muda unapotelea wapi

Chukua kifungu kimoja cha mtihani halisi uliopita. Usiweke kikomo cha muda, ila andika saa mara mbili: unapomaliza kusoma kifungu, na unapomaliza maswali yake. Fanya hivyo kwa vifungu vinane, vya mada tofauti. Usiamue lolote kabla ya kuwa na namba hizi.

Tupige hesabu. Kifungu huwa na maneno 450 hadi 500. Tuseme ni 480. Anayesoma maneno 150 kwa dakika atakimaliza kwa dakika 3 na sekunde 12, na anayesoma 200 kwa dakika 2 na sekunde 24. Tofauti ni sekunde 48 kwa kifungu, yaani kama dakika 3 kwa sehemu nzima. Sasa angalia upande wa maswali. Mtu anayerudi kwenye kifungu na kutafuta kwa sekunde 25 kwa kila swali, mara maswali 27, anapoteza zaidi ya dakika 11. Kozi ya kusoma kwa kasi, hata ikifanya kila inachoahidi, inashughulikia zile dakika 3. Zile 11 haizigusi, na mara nyingi huziongeza, maana aliyeparaza macho juu ya kifungu hurudi mara nyingi zaidi kutafuta kilichomponyoka.

Kama vipimo vyako vinaonyesha kusoma dakika 3 na nusu na maswali dakika 8, tatizo lako si kusoma polepole. Unasoma bila kushika mpangilio wa hoja, au unakwama kati ya majibu mawili. Kama kusoma peke yake kunakula dakika 6 au 7, hapo tunazungumzia wepesi wa lugha au hali ya kiafya kama disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma maandishi), na ushauri unabadilika.

Vifungu vinne au vitatu

Hakuna adhabu ya jibu lisilo sahihi, na kila swali lina majibu matano. Ukibahatisha maswali 6 bila kuyasoma, kwa wastani utapata 1 na ushei. Ukiacha kifungu chenye maswali 6, unabaki na maswali 21 na dakika 35:

| Namna | Muda kwa kifungu | Usahihi | Matarajio kati ya 27 |
|---|---|---|---|
| Vinne kwa mbio | 8:45 | 60% | 16 |
| Vinne kwa mbio | 8:45 | 75% | 20 |
| Vitatu, kimoja cha kubahatisha | 11:40 | 80% | 18 |
| Vitatu, kimoja cha kubahatisha | 11:40 | 90% | 20 |

Mpaka wa uamuzi uko hapa: kama ukitulia unapata 90%, kuacha kimoja kunakufaa ikiwa tu mbio zinakushusha chini ya takriban 74%. Kama ukitulia unapata 80%, mpaka ni 67%. Aliye juu ya mpaka wake afanye vyote vinne. Na kama hata ukitulia hufiki 80%, jibu si hili wala lile: bado hujajifunza kukisoma kifungu, na saa haijahusika.

Watu huogopa kuacha kifungu kwa sababu wanaona kama wanatupa alama. Lakini anayekimbia anazitupa vilevile, ila hazioni kwa kuwa zimetawanyika kwenye vifungu vyote.

Njia hii ina dari. Ukiacha kifungu huwezi kutarajia zaidi ya 22 kati ya 27, hata ukipata yote 21 uliyoyafanya. Kwa anayelenga alama za 150 na kitu, au za 160 za mwanzo huku akiwa imara kwenye hoja, dari hiyo haimgusi. Anayelenga 170 itambidi hatimaye avimudu vyote vinne. Hata huyo aanze na vitatu, kisha aongeze cha nne miezi ikisonga.

Kuna njia ya katikati ambayo tunaipenda zaidi: vitatu kwa dakika 10 na nusu kila kimoja, na dakika 3 na nusu za mwisho kwa cha nne. Hizo hazitoshi kukisoma. Soma aya ya kwanza na sentensi za mwisho, jibu swali la wazo kuu, kisha nenda kwenye swali linalotaja neno au sentensi fulani, kwa sababu hilo linakupeleka moja kwa moja mahali pa kusoma. Yaliyobaki jaza herufi moja yote. Maswali mawili unayoyapata hapo yanaweza kubadilisha alama yako.

Kipi kiachwe? Kosa la kawaida ni kuacha cha sayansi kwa hofu. Vifungu vya sayansi huwa na istilahi ngeni, lakini hoja yake mara nyingi imenyooka: nadharia ya zamani, ushahidi mpya, hitimisho. Vya sanaa na vya sheria ndivyo vinavyoficha msimamo wa mwandishi kwenye kivumishi kimoja. Kigezo chetu cha kwanza ni idadi ya maswali, na chenye machache ndicho kinachoachwa. Vikilingana, soma sentensi mbili za mwanzo za kila kimoja na uache ambacho sentensi zake zimebidi zirudiwe. Ukaguzi huu usizidi sekunde 30. Kile cha ulinganisho, chenye maandishi mawili mafupi A na B, urefu wake kwa jumla ni sawa na kifungu cha kawaida, kwa hiyo kisikutishe kwa umbo.

Kusoma kwenyewe

Kusoma maswali kabla ya kifungu ni ushauri unaozunguka sana, na kwa msomaji wa taratibu haufai. Maswali sita au saba yanakula karibu dakika nzima, na ukifika aya ya pili umeshayasahau. Kwenye sehemu za hoja ni kinyume. Swali ni moja, sentensi yake ni fupi, na kujua mapema kama unatafuta kasoro, dhana iliyofichika au hitimisho kunakuepusha kuisoma aya mara ya pili. Huko anza na swali.

Kuandika maelezo kwenye karatasi, kupaka rangi kwenye skrini, au kuhifadhi kichwani? Maelezo ya karatasi yanamnufaisha anayesahau, lakini yanakula kama dakika moja kwa kifungu, na wewe ndiye mtu asiye na dakika hiyo. Kupaka rangi ni haraka mno, na hapo ndipo penye hatari: mtu hupaka robo ya kifungu akidhani ameelewa. Tunashauri rangi moja, kwa vitu viwili tu, yaani neno linalogeuza hoja (“however”, “yet”, “but”) na jina la mwenye maoni (wakosoaji, wanahistoria, mwandishi mwenyewe). Alama sita hadi nane kwa kifungu zinatosha. Kisha mwisho wa kila aya simama sekunde tatu ujiambie kwa maneno matano aya imefanya nini: “wanapinga nadharia ya awali”, “mfano wa kuunga mkono”. Ukijiambia kwa Kiswahili hakuna ubaya wowote. Sekunde 15 hizo ndizo zinazopunguza zile dakika 11 za kurudi nyuma.

Msomaji aliyesoma msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza cha darasani kidato cha kwanza kwa kawaida hakwami kwenye msamiati wa LSAT. Anakwama kwenye sentensi ndefu zilizopachikwa sentensi nyingine ndani yake. Zoezi lake ni la dakika 10 kwa siku: chukua sentensi kumi kati ya zile ndefu kabisa katika vifungu ulivyokwisha kufanya, tafuta mtenda na kitenzi kikuu, ruka kilichomo kati ya mikato, halafu rudisha vipande kimoja kimoja. Pamoja na hayo, vizoee vidude vidogo vinavyopindua maana: “unless”, “only if”, “not all”, na tofauti kati ya “few” na “a few”. Kosa moja hapo linaangusha swali ambalo umelielewa kila kitu kingine.

Zoezi hilo lifanye kwenye skrini. Anayejifunzia kwenye karatasi zilizochapwa husoma kwa kidole kikimwongoza mstari, halafu siku ya mtihani hana kidole. Programu ya LawHub ya LSAC, shirika linaloendesha LSAT, ina sura ileile ya mtihani na akaunti ya bure yenye mitihani kadhaa. Usajili wa kulipia kwa mwaka unafungua mitihani mingine mingi. Kati ya kulipia huo na kulipia kozi ya video ya mamia ya dola, anza na huo. Ongeza ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari mpaka macho yaache kuruka mstari, kisha tumia mpangilio huohuo kila siku.

Sehemu za hoja: usiwe mtumwa wa namba

Dakika 35 kwa maswali 25 ni sekunde 84 kwa swali. Kwa msomaji wa taratibu, maswali 20 kwa dakika moja na sekunde 45 kila moja, kwa usahihi wa 90%, pamoja na 5 ya kubahatisha, yanampa 19. Yote 25 kwa usahihi wa 68% yanampa 17. Tofauti ya alama mbili inajirudia mara mbili, maana sehemu ni mbili.

Maswali ya kuruka yanajulikana. La kwanza ni lile linalokutaka utafute hoja yenye muundo sawa na uliyopewa: unasoma hoja sita nzima kwa alama moja. Liwekee bendera, endelea. Kisha kuanzia swali la 15 hivi ugumu hupanda, lakini mwishoni kabisa huwa kuna rahisi mawili matatu. Aliyeng’ang’ania la 18 kwa dakika nne hayafikii. Ukibaki na majibu mawili, rudi kwenye hoja, soma tena hitimisho lake tu, kisha chagua. Kuyasoma majibu yenyewe mara ya tatu na ya nne hakujawahi kuleta taarifa mpya.

Muda wa ziada

Huu ni kwa mwenye hali inayothibitishwa na mtaalamu: disleksia, ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu), uoni hafifu na nyinginezo. Kusoma polepole kwa sababu Kiingereza ni lugha yako ya pili au ya tatu hakukubaliki kama sababu, na ni bora kulijua hilo kabla ya kupoteza mwezi mzima ukiandaa barua. Nyongeza ya kawaida ni nusu ya muda, inayofanya sehemu kuwa dakika 53, sawa na dakika 13 na robo kwa kifungu. Wapo wanaopewa muda mara mbili, dakika 70, na wapo wanaopewa mapumziko ya nyongeza badala ya muda.

Hofu kwamba vyuo vitajua imepitwa na wakati. Zamani LSAC iliziwekea alama matokeo ya waliopewa muda wa ziada. Makubaliano ya mahakamani ya mwaka 2014 na Wizara ya Sheria ya Marekani yalikomesha hilo. Makubaliano hayohayo yalirahisisha mambo kwa aliyewahi kupewa nafuu kama hiyo kwenye mitihani mikubwa kama SAT, ACT au GRE: uthibitisho wa nafuu ile unabeba uzito mkubwa.

Tatizo la wengi waliosoma Afrika Mashariki ni kwamba hakuna aliyewapima utotoni. Mtoto aliyekuwa na disleksia aliitwa mvivu, na historia ya maandishi haipo. Kama NECTA au KNEC waliwahi kukupa muda wa nyongeza, tafuta barua hiyo sasa. Kama hukuwahi, itabidi upimwe ukiwa mtu mzima na mwanasaikolojia wa elimu, kazi ya saa kadhaa na gharama isiyo ndogo. Aliye chuoni Marekani aulize kwanza ofisi ya chuo ya wanafunzi wenye ulemavu. Ombi hufungwa wiki kadhaa kabla ya mtihani na unatakiwa uwe umeshajisajili, kwa hiyo kipimo kianze miezi mitatu au minne kabla.

Jambo ambalo halisemwi: muda wa ziada unachosha. Sehemu nne za dakika 53 ni zaidi ya saa tatu na nusu za kusoma. Aliyejizoeza kwa dakika 35 halafu akapewa 53 huharibu sehemu ya nne. Ukikubaliwa, mazoezi yote yaliyobaki yafanye kwa muda mpya.

GRE

Mwaka 2021 chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kilizifungulia shule rasmi mlango wa kutumia GRE badala ya LSAT, ingawa si zote zinazoipokea. Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa hadi saa 1 na dakika 58: insha ya dakika 30, maswali 27 ya lugha kwa dakika 41, na 27 ya hesabu kwa dakika 47.

Vifungu vyake vingi ni vya aya moja, na hilo ni ahueni kwa anayechoshwa na kurasa. Lakini karibu nusu ya maswali ya lugha ni ya kujaza nafasi kwa maneno ambayo hata msomaji mzuri wa magazeti ya Kiingereza hayakuti mwaka mzima; utahitaji kukariri mamia ya maneno. Hesabu ni za kiwango cha sekondari na kikokotoo kipo kwenye skrini. Kwa hiyo GRE inamfaa mwenye hesabu nzuri na kumbukumbu nzuri ya maneno ambaye urefu wa vifungu ndio unaomwangusha. Anayesoma taratibu lakini kwa makini, na hesabu zilishamshinda kidato cha nne, abaki LSAT.

Uamuzi huu ufanye kabla ya kukalia LSAT. Ukishakuwa na alama ya LSAT ndani ya miaka mitano, shule itaiona, na GRE nzuri haitaificha. Wanaokimbilia GRE baada ya LSAT mbaya huligundua hili wakiwa wameshalipa ada mbili.

Mazoezi kwa saa au bila saa

Wanaofunga saa siku ya kwanza hujifunza kubahatisha haraka. Wanaoiacha hadi wiki ya mwisho hushtuka. Shuka kwa ngazi: kifungu kwa dakika 15, kisha 13, kisha 11:40, kisha 10:30. Usishuke ngazi mpaka vifungu sita mfululizo visizidi kosa moja kila kimoja. Ukishuka na makosa yakaruka hadi matatu, panda ngazi moja kwa wiki nzima. Wengine husimama 11:40 na hawashuki tena. Hao ndio watu wa vifungu vitatu, na sasa wanalijua hilo kwa namba.

Kabla ya kuangalia majibu, rudia bila saa kila swali ulilokuwa na shaka nalo, uandike jibu la pili pembeni. Ukipata sahihi mara ya pili, saa ndiyo iliyokuangusha. Ukikosa mara zote mbili, hukuelewa, na dakika zaidi zisingekusaidia. Makosa ya aina ya pili yakizidi nusu, acha saa kwa wiki mbili.

Katika mwezi wa mwisho fanya walau mitihani minne kamili ya sehemu nne, na katika miwili kati yake weka ufahamu mara mbili, ya pili ikiwa sehemu ya nne. Siku ya mtihani sehemu ya majaribio ikiangukia kwenye ufahamu utakutana na vifungu vinane, na mpango wako wa vitatu au vinne uutumie kwa sehemu zote mbili, maana huwezi kujua ipi inahesabiwa.